Kisichobadilika Usikihesabu Upya

Mkono wa Leokadia Luhanga ulikwama katikati ya ukurasa, na alipouona umekwama akajua amepata kitu.

Ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Kwa miaka mingi alikuwa mdondozi wa Jimbo la Nyanda, na kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, aliketi kusoma vitabu vya watu waliokwisha kufa: vitabu vya programu, vya falsafa, vya hisabati. Kidole kilishuka na mistari, naye akidondoa kama mtu anayeokota punje za mchele zilizomwagika sakafuni na kuacha mchanga. Sentensi nyingi zilikuwa mchanga, na Leokadia hakuona haya kulisema hilo hata pale mwandishi alipokuwa na jina kubwa.

"Mzee Msigwa, hebu sikiliza hili."

Ng'ambo ya meza, Wolframu Msigwa akavua miwani na kufumba macho. Huyu ndiye aliyekuwa msomaji wa pili, mzee wa koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Vitabu vyote vya maktaba ile alivijua kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake.

"Ni la mwanahisabati," Leokadia akasema, kisha akasoma polepole: "'Sifuri si kukosa kitu. Sifuri ni kiti alichowekewa ambaye hajaja.'"

Ukutani kulikuwa na kioo cha mviringo walichokiita sikio. Aliponyamaza, sikio likaanza kujaa rangi ya kijani kuanzia chini, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Chumba cha Kimya. Dondoo lilisomwa mara moja, kwa sauti, na msomaji wa pili akaachwa nalo. Kama limemgusa, angekaa kimya mpaka sikio lijae. Kama halikumgusa, angesema neno, lolote lile, na dondoo lingeanguka.

"Kiti?" Wolframu akafumbua macho. "Kwa nini kiti?"

Rangi ya kijani ikashuka yote.

"Mzee, umeliangusha!"

"Limejiangusha lenyewe. Linapendeza mno, dada. Hilo ni la kuandika kwenye kadi ya harusi."

Leokadia akacheka, ingawa moyoni aliumia kidogo, maana alikuwa amelipenda. Akafungua ukurasa mwingine.

Nani aliyekuwa akilishwa maneno haya yote? Mpimaji. Katika Hospitali Kuu ya Nyanda madaktari walikuwa wachache na wagonjwa wengi, na Mpimaji ndiye aliyeamua taa ya kitanda gani iwake. Daktari alikwenda palipowaka taa. Hata kabati la dawa lililokuwa kando ya kila kitanda halikufunguka mpaka taa iwake. Waliomtengeneza walimpa kwanza kanuni, maelfu na maelfu, zikagongana zenyewe kwa zenyewe, na msimu mmoja wa mvua akashindwa kuwasha hata taa moja. Hapo ndipo waasisi wakasema: mtu mwenye shaka hafungui kitabu cha kanuni, hukumbuka sentensi aliyowahi kuisoma ikamkalia moyoni. Basi naye apewe sentensi. Wakachagua vitabu vya aina tatu hizo kwa sababu waandishi wake walikuwa watu wanaoogopa kuweka neno ovyo. Wakaweka na masharti: dondoo litoke kitabuni, liingie zima bila kubadilishwa hata herufi, na mwandishi wake awe amekufa, maana marehemu hana ndugu wodini anayetaka kumpendelea.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa papo hapo.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge juu ya sweta, buti zake za mpira zimejaa tope jekundu. Kifuani alikumbatia chupa ya uji.

"Hodi humu. Namtafuta Luhanga."

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai." Alimtazama Leokadia kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu aliyetarajia kuona jitu na badala yake akaona shangazi yake. "Wewe ndiye uliyesema mwanangu asiangaliwe?"

"Mimi?"

"Taa ya mwanangu haiwaki. Nesi akanionyesha, ukibonyeza palipoandikwa 'Kwa nini', kioo kinakupa jibu. Nikabonyeza. Kikaandika: 'Kisichobadilika usikihesabu upya.' Chini yake jina la mwandishi, nikaambiwa huyo alikufa zamani. Chini yake tena, 'Mdondozi: L. Luhanga.' Nikauliza, na huyu naye amekufa? Wakasema hapana, yupo, ofisi yake ni ile pale kilimani. Basi nimekuja."

Wolframu aliinamisha kichwa juu ya kitabu chake na kujifanya anasoma. Leokadia alihisi masikio yakimwaka. Sentensi ile aliijua kuliko alivyojua namba ya nyumba yake. Aliipata katika kitabu cha mwandishi wa programu mmoja wa zamani, mtu aliyefundisha mashine zisipoteze nguvu kurudia hesabu ambazo jibu lake liko palepale. Kabla ya dondoo hilo Mpimaji alikuwa akiwapima wote upya kila wakati. Angehangaika na mkono uliokwisha kuunga huku mtoto anabadilika rangi mlangoni. Dondoo lilipoingia akawa mwepesi. Watu walipona. Leokadia akafanyiwa hafla, keki ikakatwa, na tangu siku hiyo alitembea akijua kuna watoto mjini wanaopumua kwa ajili ya sentensi aliyoiokota yeye.

"Mwanao anaitwa nani, mama?"

"Tumpe. Mimi Mama Tumpe." Sauti yake ikalegea kidogo, kwani hakuwa ameulizwa jina hilo kwa siku nyingi. "Ana kidonda mgongoni. Kinanuka. Nesi Devota ameniambia kwa siri, bila dawa sumu itaingia kwenye damu, na ikiingia hatamaliza kesho."

Leokadia akachukua shali yake.

*

Wodi ilikuwa ndefu na baridi. Upande wa watoto taa zilikuwa zikiwaka na kuzima mfululizo, maana homa ya mapafu ilikuwa imeushika mji tangu baridi ianze, na madaktari walikuwa wakikimbia kutoka kitanda hadi kitanda kwa viatu vyao laini. Upande wa huku, mwishoni kabisa, kulikuwa na vitanda kadhaa ambavyo taa zake zilikuwa na vumbi.

Tumpe alilala kiubavu, mito imemzunguka. Alikuwa msichana mkubwa, mwenye nywele zilizosukwa vizuri sana, mistari imenyooka. Mikono na miguu yake ilikuwa imekakamaa tangu alipozaliwa, na ulimi wake haukutoa neno ambalo mgeni angelielewa. Lakini macho yake yalimpokea Leokadia mlangoni na kumsindikiza mpaka kitandani, na yalikuwa macho ya mtu anayekagua.

"Huyu ndiye Luhanga," mama yake akamwambia. "Mfupi, siyo?"

Nyusi za Tumpe zikapanda.

"Akipandisha nyusi ni ndiyo," Mama Tumpe akaeleza. "Akifumba macho ni hapana. Ana maneno mengi huyu, usimwone hivi. Jana nilimsuka nikimsimulia habari za jirani yetu, akanifumbia macho. Maana yake nimeongeza chumvi."

Leokadia akainama. Harufu ya kidonda ilimfikia kabla hajafunuliwa shuka, na alipofunuliwa alilazimika kushika chuma cha kitanda. "Unaumwa sana, mwanangu?"

Nyusi zikapanda, zikabaki juu. Machozi yakatoka bila sauti.

Nesi Devota akasogea, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini hamumpi dawa?"

"Nimejaribu kulifungua lile kabati kwa koleo, mama. Angalia." Akaonyesha mikwaruzo kwenye mlango wa chuma. "Daktari amepita hapa mara mbili, ameona kidonda, ametikisa kichwa. Taa haijawaka, angeandika nini? Stoo nayo haitoi hata pamba bila namba ya taa."

"Mlipeleka taarifa kwamba hali imebadilika?"

"Taarifa tunapeleka. Mpimaji hazifungui. Anasema hapa hakuna cha kuhesabu upya."

Hapo Leokadia akashangaa. Dondoo lile lilikuwa na miaka mingi kazini, na wagonjwa wa siku nyingi walikuwa wakiangaliwa kila taarifa mpya ilipoingia. Kwa nini kitanda hiki? Akaomba faili, Nesi Devota akalifungua kwenye kioo. Mistari ya kwanza iliandikwa mapokezi siku Tumpe alipoletwa, na karani aliyeiandika alikuwa wa shule ya zamani, wale wasioona ubaya.

Leokadia akasoma kimyakimya. Akarudia. Kisha akaketi juu ya ukingo wa kitanda.

"Kimeandika nini?" Mama Tumpe akauliza. "Nisomee. Macho yangu hayapendi herufi ndogo."

"Mama, siyo..."

"Nisomee."

Leokadia akasoma. "'Kiwete kimepokelewa asubuhi. Hakisogei, hakisemi. Kimelazwa kitanda cha mwisho. Hali yake ni ya kudumu.'"

Kimepokelewa. Hakisogei. Kimelazwa. Mpimaji alikuwa amesoma maneno hayo kama alivyofundishwa kusoma, neno kwa neno na kiambishi kwa kiambishi, akaona *ki* na *ki* na *ki*, na akakumbuka sentensi yake nzuri: kisichobadilika usikihesabu upya. Hakukosea sarufi hata kidogo. Kwake, kitandani pale palikuwa na kitu cha kudumu kama kabati, na taarifa za nesi juu ya kitu hicho hazikuwa taarifa za mgonjwa. Leokadia akatazama vitanda vingine vyenye taa za vumbi. Hakuhitaji kufungua mafaili. Kiziwi. Kipofu. Kichaa. Wote walikuwa wamelazwa upande mmoja, na wote, alijua, waliandikwa hivyohivyo. Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba juu ya Mpimaji mwenyewe, aliye waya na vioo tu, mji mzima ulikuwa ukisema *amesema*, *ameamua*, *amekataa*, bila mtu kufikiri mara mbili.

"Futa hayo maneno," akamwambia nesi. "Andika upya. Andika 'mgonjwa amepokelewa'."

"Nimeshajaribu. Faili limefungwa. Haliandikiki mpaka lihesabiwe upya."

Mama Tumpe hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa bado amesimama pale sauti ya Leokadia ilipomwachia, chupa ya uji mkononi. Alipozungumza hakupiga kelele. Alikitazama kile kioo na kukiambia, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

"Hicho mnachokiita kiwete ni mtu. Hajabadilika kwa sababu hamjamwangalia."

Leokadia alinyanyua mkono wake kutoka kwenye shuka. Ulikuwa umekwama hewani, na aliuona.

*

"Ling'oe dondoo lako," Wolframu akasema. "Ni lako, una haki hiyo. Utaling'oa na mambo yatakwisha."

Walikuwa wamerudi kilimani, katika Chumba cha Kimya, na nje ukungu ulikuwa umepanda tena mpaka dirishani.

"Nikiling'oa atalazimika kuwapima wote upya, tangu wa kwanza. Atakuwa bubu mpaka kesho mchana. Umeiona ile wodi ya watoto, mzee? Taa zikizimika pale kwa usiku mmoja tu, tutazika."

"Basi libadilishe. Badala ya *kisichobadilika*..." Wolframu akakatiza mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi mkali wa sharti lile kuliko wote, na kulisikia likivunjwa na mdomo wake kulimtia aibu. "Hapana. Sahau nilichosema."

Leokadia alikuwa ameshaanza kuvuta vitabu rafuni. Kama dondoo haling'oki na halibadilishwi, lilibaki jambo moja: kupata jingine la kulizuia, sentensi ya marehemu fulani, ya kweli, itakayomfanya Mpimaji asite. Wakasoma pamoja, meza nzima ikajaa. Wolframu alikumbuka kurasa bila kufungua kitabu. Alisoma la mwanafalsafa: "'Anayeuliza swali amekwisha kukubali kwamba anaweza kukosea.'" Leokadia akatikisa kichwa. Akasoma la programu: "'Kosa halijifichi. Linakaa mahali ambapo tulichoka kutazama.'" Hilo lilikaribia, na kwa kitambo wote wawili walitumaini, lakini lilizungumzia makosa, halikuzungumzia watu, na Mpimaji angelielekeza kwenye waya zake mwenyewe.

Jioni ilipoanza kuingia, Leokadia alifunga kitabu cha mwisho na kukaa ametazama meza. Alikuwa ameyapenda maneno haya maisha yake yote. Alikuwa amekataa posa kwa ajili yake, watu walisema, ingawa haikuwa kweli kabisa. Na sasa hazina yote hii, ya watu makini waliopima kila neno, haikuwa na mstari mmoja kwa ajili ya msichana aliyelala kitanda cha mwisho. Alihisi huzuni, na nyuma ya huzuni hasira.

"Ninalo moja," akasema.

"La nani?"

Akalisema kama alivyolisikia. Hakulipamba. Wolframu alikuwa na neno mdomoni, na neno lile halikutoka.

Sikio halikuwa limewashwa, kwa hiyo kimya kile hakikuhesabiwa. Kilipokwisha mzee alikuwa ameshavaa miwani tena, kama mtu anayejikinga.

"Kitabu gani?"

"Halimo kitabuni. Ni la Mama Tumpe. Amelisema leo, wodini."

"Haliwezi kuingia."

"Najua."

"Hujui! Ulikuwa bado hujaajiriwa wakati wa yule bwana aliyekutangulia hapa. Alitunga sentensi moja tamu, akaibandika jina la mwanafalsafa, na kwa miezi taa ziliwaka kwa watu wa ukoo wake tu. Tunadondoa, Leokadia, hatutungi. Leo utaingiza la huruma, kesho mwingine ataingiza la tamaa, na mlango ni huohuo."

"Ni kweli," Leokadia akasema. "Ungeniuliza jana ningesema kama wewe. Lakini leo nimeshika shuka la yule binti."

Akavuta kibodi, akaandika sentensi zile mbili. Mpimaji akauliza mwandishi. Mkono wake ukasita, kisha ukaandika: Leokadia Luhanga.

Wolframu akasimama. "Sasa unaiba! Mwenye maneno ni yule mama. Hapa kila neno linaingia kwa jina la mwenyewe, hata kama aliyelisema alikuwa mwendawazimu."

"Angalia swali linalofuata."

Kioo kiliuliza: *Mwandishi amefariki?*

"Nikimwandika yeye," Leokadia akasema polepole, "lazima nimwandike marehemu. Na Mpimaji akimjua mtu kuwa marehemu, mlango wa wodi hautamfungulia. Tumpe atabaki na nani wa kumsuka? Nani atazisoma nyusi zake? Na jina la marehemu wa vitabuni, tangu yule bwana, Mpimaji hulilinganisha na vitabu vyake. Mimi sina kitabu, na sina mtu wodini."

Mzee akaketi. Aliona yote sasa, na alikuwa amezeeka ghafla.

"Unajua daftari la marehemu halirudi nyuma," akasema. "Siyo kwamba ni sheria tu. Ni lile dondoo lako. Kitu gani kinabadilika kidogo kuliko maiti? Hatakuhesabu tena. Ukianguka bafuni kesho, ukaletwa na homa, ukaletwa na kansa, taa yako haitawaka. Utakuwa unapumua mbele yake na atasema kitanda ni kitupu."

"Nimeelewa."

"Una miaka mingi bado, dada yangu."

"Nimeelewa, mzee. Usinifanye nirudie, nitaogopa."

Na kweli alikuwa anaogopa. Alimfikiria mama yake mzazi, aliyekufa kwa presha, na dada zake wawili wenye presha ileile, na vidonge ambavyo yeye mwenyewe alichukua kila mwezi kwenye dirisha ambalo kuanzia sasa lisingemfungukia. Akabonyeza *Ndiyo*.

*Msomaji wa pili yupo?*

"Yupo," akajibu. Sikio likawaka ukutani, tupu, likisubiri.

"Sitaki," Wolframu akasema. "Umenisikia? Mimi sitashiriki. Nitaongea. Nitaongea mpaka liangushwe."

"Una haki hiyo, mzee. Ukiliona ni baya, liangushe. Sitakulaumu."

Kisha akasoma, mara moja, kwa sauti, kama desturi ilivyotaka:

"'Hicho mnachokiita kiwete ni mtu. Hajabadilika kwa sababu hamjamwangalia.'"

Kijani kikaanza kupanda. Wolframu alikuwa amekamata ukingo wa meza. Midomo yake ilifunguka. Leokadia hakumtazama, alitazama vidole vyake vya kizee, vilivyofungua vitabu vingi kuliko vidole vyovyote katika jimbo lile. Sikio likafika nusu. Mzee akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na pumzi ile ikakaa ndani. Akalivuta koti la sufu, akajifunika uso nalo, na ndani ya koti mabega yake yakawa yanapanda na kushuka bila sauti yoyote.

Sikio likajaa.

*

Leokadia alimkuta Mama Tumpe kwenye korido ya hospitali, anarudi kutoka jikoni na uji mpya. Hakujua kitu bado. Alipouona uso wa Leokadia akasimama.

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Hapana. Twende wodini."

Wakaenda kwa haraka, buti za mpira zikipiga kelele sakafuni. Korido ile haikuwa na madirisha, na taa zake ziliwaka mbele yao kadiri walivyotembea. Kupitia kioo cha mlango wa wodi waliona kitu ambacho kilimfanya Mama Tumpe aweke mkono mdomoni: upande wa mwisho, wenye vumbi, ulikuwa umewaka wote. Kila kitanda. Nesi Devota alikuwa anakimbia na beseni. Daktari, mwanamke mrefu aliyekunja mikono ya koti, alikuwa ameinama juu ya Tumpe, na kabati lililokwaruzwa lilikuwa wazi kando yake.

Mama Tumpe akausukuma mlango. Haukusukumika, ulihesabu kwanza, kama ulivyohesabu kila mtu.

"Mgeni mmoja," mlango ukasema. "Karibu."

"Tuko wawili," Mama Tumpe akaujibu.

"Mgeni mmoja. Karibu."

"Wawili! Huna macho? Huyu hapa ni Luhanga, ndiye..." Akamgeukia. "Mbona mlango huu haukuoni?"

"Una hitilafu," Leokadia akasema. "Ingia, mama. Ukisubiri utafungwa."

"Na wewe?"

"Nitakuja. Ingia, anakutafuta kwa macho, humwoni?"

Ilikuwa kweli. Mama Tumpe akaingia, bila kuangalia nyuma tena, na nani angemlaumu? Mlango ulianza kurudi taratibu kwenye fremu yake. Katika upenyo uliobaki Leokadia akamsikia daktari akiuliza, kwa sauti ya mtu mwenye haraka lakini asiye mkali:

"Anaitwa nani huyu?"

"Tumpe," mama akasema. "Anaitwa Tumpe. Muulize mwenyewe kinachomuuma, atakujibu."

Leokadia aliweka kiganja kwenye kioo. Alikuwa analia, na alikuwa na furaha, na hofu ile ya kilimani ilikuwa palepale haijamtoka. Alitaka kuona mwisho, aone dawa ikiingia kwenye mshipa. Mlango ukafungika, na kioo chake, kilichoangaza kwa wageni tu, kikawa cheusi.

Taa za korido ziliwekwa kwa ajili ya watu, ziwake pale walipo na zizimike wanapoondoka. Zikazimika zote, kuanzia mbali, moja baada ya nyingine, mpaka iliyokuwa juu ya kichwa chake. Leokadia akanyoosha mkono gizani, akaupata ukuta, akaanza kuufuata kuelekea nje.